Kuchoma sabtaito kwenye muvi za PSP: kazi iko kwenye herufi, sio kwenye kukonveti

PSP, ile mashine ndogo ya gemu ya mkononi ya Sony, haijui sabtaito, yaani yale maneno ya chini ya picha. Naanzia hapo maana swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili, mtu kaweka muvi kwenye kadi, kaweka na faili la SRT (ndo faili lenye maneno ya sabtaito) pembeni lina jina lilelile kama anavyofanya kwenye VLC, ile pleya ya kompyuta, afu anashangaa picha inacheza maneno hakuna. Hayatakuja. Mashine yenyewe ilitoka Japani Desemba 2004, pleya yake ya video inataka MP4 yenye picha na sauti basi, hata ukizipakia sabtaito ndani ya hiyohiyo MP4 haizioni. Wapo waliofungua PSP zao wakaweka pleya za pembeni kama PMPlayer Advance inayosoma SRT, sawa, ila kama yako iko vilevile ilivyotoka kiwandani dawa ni moja tu, kuchoma, yaani maneno yanachorwa juu ya picha yenyewe na yakishachorwa hayatoki tena.

Najua kuna mtu anasema si uangalie kwenye simu yako bana. Simu nataka ibaki na chaji nikifika stendi, na wadogo zangu nikiwapa simu wanaishia kwenye vitu vingine kabisa, PSP nikiwapa wanaangalia muvi au wanacheza gemu, hakuna la tatu. Afu za mtumba bado zipo.

Sasa kukonveti siku hizi ni kazi ndogo sana, laptopu ya kawaida tu inamaliza muvi nzima wakati wewe unakula. Kinachoharibika ni herufi. Kioo cha PSP ni inchi 4.3, pikseli 480 kwa 272, hesabu yake ni rahisi, herufi yenye kimo cha pikseli 54 kwenye video ya 1080 ukiishusha hadi 272 inabaki 13 na kitu. Kumi na tatu. Kwenye laptopu ulikuwa unaisoma vizuri tu umekaa mbali, kwenye PSP ni mchwa wanatembea chini ya kioo, na basi likipita kwenye matuta ndo kabisa. Kwa hiyo mambo yote ya maneno yamalize KABLA hujachoma: saizi, urefu wa mistari, muda, na zile alama za ajabuajabu.

Saizi kwanza. Ukitumia ffmpeg (ni programu ya bure ya kukonveti video kwa komandi, na ndo ninayoitumia) SRT ikiingia inapewa herufi saizi 16 kwenye fremu ya kufikirika yenye kimo cha 288, kwa hiyo kwenye PSP zinatoka kama pikseli 15 hivi. Ndogo. Mimi naweka 24 inayotoka karibu pikseli 23, nakoza ziwe nene, nazungushia wino mweusi wa 2 maana herufi nyeupe juu ya kanzu nyeupe au theluji huoni kitu. Fonti iwe ya wazi isiyo na vimikia, Arial au DejaVu Sans zinatosha, achana na zile za kurembaremba. Rangi ni mapenzi yako, mimi napenda njano kwa ajili ya mchana, ila jua kwamba kwenye hizi staili za sabtaito rangi zinaandikwa kinyumenyume, bluu kwanza kijani katikati nyekundu mwisho, kwa hiyo njano ni &H00FFFF, ukiandika kama ulivyozoea kwenye kurasa za wavuti FFFF00 utapata rangi ya maji ya bahari ukae unajiuliza.

Ukishakuza herufi, mistari inakuwa mirefu. Sabtaito nyingi zinaandikwa kwa ajili ya tivii, herufi kama 42 kwa mstari, ukizikuza hivyo mstari mmoja unavunjika unakuwa miwili na miwili inakuwa minne, nusu ya uso wa mtu imefunikwa. Na Kiswahili chetu maneno ni marefu, "watakapomkamata" peke yake imeshakula nusu ya mstari. Fungua SRT kwenye Subtitle Edit, programu ya kurekebisha sabtaito, ya bure pia, iambie mstari usizidi 32 hivi, na palipojaa sana punguza mwenyewe kwa mkono, mtu anayesema "nilikuwa nataka tu kukuambia kwamba sitakuja" andika "sitakuja" maisha yaendelee. Hapohapo ifute na zile za mabano za wasiosikia, [muziki wa huzuni], [mlango unafungwa], Subtitle Edit ina sehemu yake ya kuzifuta zote kwa mpigo. Ila kama anayeangalia ni kiziwi ziache, yeye ndo alizoandikiwa.

Alama za ajabu. Hii inatusumbua sisi kwa sababu ya ng'. Aliyeandika tafsiri kwenye Word, ile koma ya juu imejikunja yenyewe, afu faili likaseviwa kwa mfumo mmoja likasomwa kwa mwingine, unachoma muvi nzima unakuta mzee kwenye muvi anauza ngâ€™ombe. Aisee. Na ikiwa kinyume chake, faili ni la mfumo wa zamani wa Windows na ffmpeg inategemea UTF-8 (mfumo wa kisasa wa kuhifadhi herufi), itakuandikia "Invalid UTF-8" na mistari mingine haitokei kabisa. Fungua faili, sevu upya kama UTF-8, na ukitaka amani badilisha koma zote za kujikunja ziwe za kawaida zilizonyooka. Tafuta ng, angalia, maliza.

Muda sasa. Kuna kuchelewa kwa aina mbili na dawa zake ni tofauti. Kama maneno yanachelewa sekunde zilezile mwanzo mpaka mwisho hiyo ni rahisi, kwenye VLC bonyeza G na H mpaka yakae na mdomo, soma imekuambia ni kiasi gani, nenda kasogeze SRT nzima kiasi hicho. Ila kama mwanzoni yako sawa, katikati yamechelewa kidogo na mwishoni muuaji anatajwa kabla au baada ya watu kujua, hapo SRT ilitengenezwa kwa video ya fremu 25 kwa sekunde na wewe una ya 23.976 au kinyume chake. Tofauti ni kama asilimia 4, kwa muvi ya saa 2 inafika karibu dakika 5. Kusogeza hakusaidii, unatakiwa kubadili kasi, Subtitle Edit wana "Change frame rate", weka ya zamani na mpya imeisha. Usiangalie mwanzo tu ukasema iko poa, ruka mpaka kwenye mazungumzo ya mwishomwisho.

Haya, komandi. Weka muvi na SRT folda moja, majina mafupi bila nafasi, na fungua komandi ndani ya folda hiyohiyo, maana hicho kichujio cha subtitles ukikipa njia ndefu ya Windows yenye C na nukta mbili kinachanganyikiwa, nukta mbili kwake ni alama ya kitu kingine.

ffmpeg -i muvi.mkv -vf "scale=480:272,subtitles=maneno.srt:force_style='FontName=Arial,FontSize=24,Bold=1,Outline=2,MarginV=8'" -c:v libx264 -profile:v main -level 3.0 -pix_fmt yuv420p -b:v 700k -x264-params ref=2:bframes=2:b-pyramid=none:weightp=0 -c:a aac -b:a 96k -ar 48000 -ac 2 -f psp muvi.mp4

Angalia mpangilio, scale iko mbele ya subtitles. Picha inapunguzwa kwanza ndo maneno yanachorwa, kwa hiyo herufi zinachorwa kwa saizi ya PSP yenyewe kingo zikiwa kali. Ukigeuza, herufi zinachorwa kubwa afu zinaminywa pamoja na picha, zinatoka na ukungu. Hiyo yuv420p usiiache, muvi nyingi za siku hizi hasa katuni za Kijapani ni za biti 10 na PSP haizijui, itakuandikia Unsupported Data. Na hayo mambo ya ref na b-pyramid ni kuizuia programu isitumie ujanja wa kisasa ambao mashine ya 2004 haiuwezi. Kama video yako ni ya fremu 50 au 60 ongeza -r 30000/1001. Kilobiti 700 za picha na 96 za sauti kwa sekunde ni kama MB 6 kwa dakika, muvi ya dakika 90 ni MB 540, zinaingia kibao kwenye kadi ya GB 8.

Jambo jingine kabla sijasahau, PSP yenyewe iwe na famwea (programu yake ya ndani) 3.30 ya mwaka 2007 au zaidi, kabla ya hapo video za kwenye kadi zilikuwa hazifiki 480x272. Za mtumba nyingi zimeshapita hapo zamani, ila angalia.

Usichome muvi nzima mara ya kwanza. Choma dakika 2, peleka kwenye PSP, toka nje juani usome, afu ingia ndani zima taa usome tena. Lakini chagua dakika zenye maneno, sio majina ya waigizaji. Na hapa kuna mtego, ukiweka -ss mbele ya -i ili uruke mpaka dakika ya 40, saa ya video inaanzia sifuri upya na sabtaito zinaanza za mwanzo wa muvi, utadhani SRT mbovu. Weka -ss 00:40:00 -t 120 baada ya -i, itachelewa kwa sababu inapitia yote mpaka ifike huko, ila maneno yatakuwa ya palepale.

Wasiotaka komandi watumie HandBrake, programu ya kukonveti kwa kubonyezabonyeza, unaingiza SRT kwenye Subtitles, unaweka tiki Burn In, unaweka 480 kwa 272, Main, 3.0. Inafanya kazi vizuri tu, kinachoniudhi ni kwamba kwa SRT haikupi pa kubadili saizi ya herufi, kwa hiyo inabidi uipitishe Aegisub, programu nyingine ya sabtaito, kwanza iwe ASS (faili la sabtaito linalobeba na staili zake) uipangie staili humo ndani. Ukifika huko si bora komandi.

Na wasio na laptopu, simu ya Android inatosha. Weka Termux, programu ya kuandikia komandi kwenye simu, andika pkg install ffmpeg, komandi ni ileile. Tofauti ni fonti, maneno yasipotoka ielekeze kwenye za simu kwa kuongeza :fontsdir=/system/fonts baada ya jina la SRT na FontName iwe Roboto. Simu itapata moto, itoe kwenye kava.

Ninachokipenda zaidi ya vyote ni muvi pana, zile za 2.35 au 2.39 zenye mikanda myeusi juu na chini. Kwenye PSP picha inatoka na kimo cha 204 hivi, inabaki 68. Kawaida hiyo 68 inagawanywa juu 34 chini 34, na hakuna mkanda unaotosha mistari miwili. Mimi naisukuma picha yote juu: scale=480:-2,pad=480:272:0:0,subtitles=... na zile staili. Chini unapata sehemu nyeusi nzima, mistari miwili ya saizi 24 inaenea humo bila kugusa sura ya mtu, nyeupe juu ya nyeusi, hata kioo cha PSP 1000 ambacho vitu vikikimbia vinaacha mkia unasoma bila shida. Mstari wa tatu ndo utapanda kwenye picha, ndo maana nikasema kata mistari. Kama faili lako limekuja na mikanda imeshachorwa ndani, iondoe kwanza, kwa 1920x1080 ya 2.39 ni crop=1920:800 mbele ya scale.

Kuna wenye muvi ambazo tayari zimechomwa maneno na mtu mwingine. Hapo huna la kufanya kuhusu fonti, ila unaweza kuvuta picha karibu: crop=1600:900:160:180,scale=480:272. Unakata pembeni na juu, chini unaacha, herufi zinakua asilimia 20. Mistari mirefu inayogusa pembeni itakatwa vichwa na mikia, kwa hiyo itafute ile mirefu uangalie kabla. Na maneno yaliyokuwa madogo tangu mwanzo hata ukivuta yatabaki madogo, tafuta kopi safi na SRT yake.

Kupeleka: unganisha waya, kwenye PSP chagua USB Connection, fungua kadi, tengeneza folda VIDEO kama haipo, weka MP4 humo. Subiri kompyuta imalize kweli, bonyeza duara ndo uchomoe. Kadi za GB 32 za bei ya kutupa zipime kwa H2testw, programu ya kupima kadi, kabla hujazijaza, nyingine zinadanganya ukubwa wake, muvi zinaingia zote vizuri afu za mwisho zinakataa kufunguka mkiwa mshafika Morogoro.