Mafuta ya Uganda bado yanapita Mombasa
Unasema mafuta ya magari yanayoagizwa Uganda yamehama Mombasa, bandari ya Kenya? Hapana ndugu, hayajahamia bandari nyingine. Kilichobadilika ni mnunuzi tu. Tangu Julai 2024 shirika letu la taifa la mafuta hapa Uganda, UNOC, linaagiza kupitia Vitol, kampuni ya kimataifa ya biashara ya mafuta. Kabla ya hapo tulinunua kwa kampuni za Kenya, na Rais Museveni alilalamika hadharani mwaka 2023 kwamba madalali wanatupandishia bei. UNOC iliponyimwa leseni ya kuagiza mafuta kule Kenya, Uganda ilikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Iliniuma sana, jirani kumbana jirani asiye na bahari! Ila haki yao tuwape: bomba la mafuta linalofika Eldoret na Kisumu lilijengwa na Kenya, nasi madereva twapakia huko hadi leo, tunaingia Uganda kwa mpaka wa Malaba au Busia.