Maji yaliyobaki ndani ya mrututu

SWALI: Katika jaribio la kemia darasani nilipasha moto gramu 5.00 za mrututu wa buluu, zikapungua gramu 1.44 tu (mrututu ni salfati ya shaba yenye maji). Nilipokokotoa nilipata molekuli 3.6 za maji kwa kila kizio cha chumvi, ilhali kitabu kinasema 5. Nilikosea wapi?

JIBU: Hesabu yako haina kosa, kilichopungua ni joto. Gramu 5.00 za salfati ya shaba yenye maji, ambayo moli yake moja ina gramu 250 hivi, hubeba gramu 1.80 za maji, na upungufu ulioupata ni sawasawa na molekuli 4 kati ya hizo 5; ulipata 3.6 kwa sababu ulichukulia kuwa kilichobaki ni chumvi kavu kabisa, kumbe bado kina maji. Ile ya tano imeshikiliwa kwa nguvu zaidi, hivyo haitoki mpaka halijoto ipite takriban nyuzi 200 za Selsiasi. Pasha, poza ndani ya chombo kikavu kilichofungwa (chumvi iliyokaushwa hunyonya unyevu wa hewa upesi mno), pima, kisha rudia hadi vipimo viwili vinavyofuatana vilingane. Ila usizidishe moto: unga ukianza kuwa mweusi, salfati yenyewe inavunjika na kutoa gesi yenye madhara, na upungufu unaoupima si wa maji tena.