Gobore la mtutu mwembamba: kabla hujaongeza baruti soma karatasi

Vijana mnaopata kibali cha gobore sasa hivi swali lenu la kwanza huwa moja tu, baruti kiasi gani? Na wazee wa huku kwetu, kuanzia Chemba mpaka Mpwapwa, jibu lao nalo ni moja, jaza mpaka bega liseme. Mimi hilo jibu silikubali, hasa kwa mtutu mwembamba, maana bega linajua kuumia tu, halijui marisau (zile punje ndogo za risasi) yameenda wapi, hilo linasemwa na karatasi uliyoipiga.

Tuelewane kwanza. Naongelea gobore lenye kibali kwa jina lako wewe (la marehemu babu halirithiwi kama ng'ombe, linaenda polisi kwanza na wewe unaomba kibali chako upya), la kiwandani, lenye zile alama ndogo za kupimwa nguvu zilizogongwa kwenye chuma, mengi ya zamani utakuta za Liège kule Ubelgiji au Birmingham kule Uingereza, na fundi wa bunduki mwenye leseni ameukagua mtutu ndani na nje. Lile la kuchongwa kwa bomba la maji halina kipimo salama hata kidogo, usilijaribu, na usiniulize.

Sasa geji. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, kama gramu 453, igawe goroli 28 zinazolingana, goroli moja ikienea kwenye mtutu hiyo ni geji 28. Ndio maana namba ikipanda tundu linapungua: geji 12 ni kama milimita 18.5, geji 20 ni 15.6, geji 28 ni 14, geji 32 ni 13.4. Ukimwaga marisau yaleyale ya geji 12 kwenye geji 28 yanasimama kama mnara mrefu, ya chini yanabondwa na mlipuko, ya pembeni yanasuguana na chuma njia nzima, yanatoka yamebonyea, na lililobonyea haliendi moja kwa moja. Na presha nayo inapanda. Kwa hiyo mtutu mwembamba unataka mzigo mdogo na punje ndogo, mimi sivuki punje za milimita 2.6.

Pa kuanzia: marisau na baruti kwa ujazo sawa, au baruti ipungue kidogo. Geji 28 inabeba vizuri marisau gramu 21, na kipimo kinachojaa marisau hayo ukikijaza baruti nyeusi unapata kama gramu 3.4. Ndio ujazo sawa huo, ila mimi naanzia chini ya hapo, gramu 2.9 hivi, napanda kwa gramu 0.3 tu kila hatua, na kama kitabu cha mtengenezaji kimeweka kikomo kidogo zaidi basi fuata kitabu. Mizani ndogo ya kidijitali ya wanunuzi wa dhahabu inatosha kabisa kutengenezea kipimo, ukishapata ujazo wako unakata kipande cha pembe ya ng'ombe au kibomba cha shaba kiwe kinabeba hicho tu. Baruti haimwagwi kutoka kwenye chombo chake moja kwa moja kwenda mtutuni, kukiwa na cheche imebaki humo ndani chombo kizima kinalipukia mkononi.

Na ninaposema baruti ni baruti nyeusi ya bunduki, ya punje, kutoka duka lenye leseni. Baruti ya kwenye risasi za kisasa hapana, inapasua mtutu. Ya machimboni hapana. Vichwa vya viberiti hapana. Na vipande vya nondo badala ya marisau vinachimba mtutu, vingine vinakwama.

Haya, kwenye vizibo ndio kwenye kazi yenyewe, na ndipo watu wanapachukulia poa. Juu ya baruti kinakaa kizibo kigumu cha milimita 3 hivi, kazi yake kuzuia moshi usipenye kwenye marisau. Juu yake kizibo laini kinene kama sentimita 1, mimi nakata kwenye blanketi kuukuu la sufu, nachovya kwenye nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya kondoo yasiyo na chumvi. Nta huku ipo, waulize watu wa Manyoni. Grisi ya gari usiweke, ikiungua na baruti nyeusi inakuwa lami. Kisha marisau, kisha kikaratasi chembamba sana cha kuyazuia yasimwagike, yaani chembamba kweli, boksi la biskuti linatosha. Fundi viatu anaweza kukutengenezea panchi ya duara ya kipenyo chako, iwe kubwa kuliko tundu kwa uwembamba wa ukucha ili kizibo kibane.

Shindilia kwa mdeki (ile fimbo ya kushindilia) mpaka kila kitu kikae juu ya mwenzake, pasibaki nafasi ya hewa kati ya baruti na mzigo, ikibaki mtutu unaweza kuvimba au kupasuka hapo hapo. Mdeki wako uchore mistari miwili, mmoja wa mtutu mtupu na mmoja wa mtutu ulioshindiliwa sawasawa, hivo hutakuja kuweka mizigo miwili kwa kusahau. Uso na kifua mbali na mdomo wa mtutu muda wote. Fataki (kile kikofia kidogo cha kuwashia baruti) inawekwa mwisho kabisa, ukiwa umeshaelekea shabaha. Ikigoma kulia, usiligeuze gobore, liache limeelekea shabaha dakika nzima.

Karatasi sasa. Nenda renji au mahali ambapo polisi wamekukubalia, nyuma pawe na kichuguu au kingo ya udongo, ning'iniza karatasi kubwa ya kaki mita 25, asubuhi mapema maana kuanzia Juni upepo wa huku saa nne tu umeshaanza kukupokonya karatasi. Piga, halafu tafuta palipobanana matundu na uchore duara la sentimita 76. Gramu 21 za punje za milimita 2.6 ni kama punje 200. Mtutu ulionyooka usio na choki (yaani haukubanwa mdomoni), makadirio ya siku zote ni karibu asilimia 60 ndani ya duara kwa yadi 30 (kama mita 27) na asilimia 40 kwa yadi 40 (kama mita 37), kwa hiyo kwa mita 25 ukipata zaidi ya 120 huna pa kulalamika. Ila kuhesabu peke yake hakutoshi, chukua kisosi ukitembeze juu ya karatasi, kila panapoenea kisosi bila kugusa matundu walau matatu, kanga anapita hapo mzima au anaenda kufia porini. Karatasi moja inadanganya, piga tano kwa kipimo kilekile ndio useme unakijua.

Ukiona katikati peupe na matundu yamezunguka pembeni, baruti imezidi au kizibo kizito kinayapita marisau njiani. Punguza baruti hatua moja, ikigoma gawanya kizibo laini viwili vyembamba. Kimoja kimoja lakini! Ukibadilisha baruti na kizibo na saizi ya punje kwa mkupuo, matokeo yakiwa mazuri hutajua nini kimekusaidia.

Kuna jambo vitabu vya Uingereza havikusemei. Kule hewa ina unyevu, masizi ya baruti yanabaki laini. Huku kwetu kiangazi hewa kavu, masizi yanakauka yanakuwa ganda gumu, risasi ya tatu tu kizibo kinakwaruza kinagoma kushuka, na watu wanadhani wamekata kikubwa. Pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo kila baada ya mlio, halafu kikavu, na kiangazi ongeza mafuta kwenye kizibo. Kipimo ulichokipata Februari kipige tena karatasi Agosti.

Kuosha ni siku hiyohiyo, maji ya moto na sabuni, masizi yanakula chuma haraka. Visima vingi vya huku maji yake yana chumvi, kwa hiyo suuza ya mwisho tumia ya mvua au ya chupa, kausha, paka mafuta.

Andika kila kitu daftarini, gramu, vizibo, saizi ya punje, hali ya hewa, na hata kopo la baruti, maana ukifungua kopo jipya unarudi hatua moja chini na kupima upya, hata kama ni jina lilelile.