Homoni ya ukuaji hujenga moyo. Mbona ikizidi inauharibu?

SWALI: Daktari, mimi ni mwanafunzi wa utabibu. Tumefundishwa kwamba IGF-1, protini ambayo mwili huitengeneza kwa amri ya homoni ya ukuaji, huchangia kuunenepesha moyo wa mwanariadha, na moyo huo ni mzima. Wodini nimekutana na mgonjwa wa akromegali, yaani ugonjwa wa homoni ya ukuaji kuzidi kwa mtu mzima; moyo wake umenenepa vilevile, lakini akipanda ngazi anahema. Ishara ni ileile, matokeo yanatofautianaje? Na je, homoni ya ukuaji haiwezi kutibu moyo uliochoka?

JIBU: Umegusa penyewe. Ishara ni ileile kweli. Kinachotofautiana zaidi ni kwamba kwa mwanariadha ishara hiyo hupumzika.

Pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, kwa mtu mzima wa afya huachilia homoni ya ukuaji kwa vipindi, hasa katika usingizi mzito, kisha kiwango hushuka sana. Ini likiipata hutengeneza IGF-1. Hiyo ikishika kipokezi chake kwenye seli ya msuli wa moyo, huamsha kimeng'enya PI3K, nacho huamsha kimeng'enya kingine, Akt, na Akt huipa seli amri mbili: tengeneza protini, na usife. Seli za moyo za mtu mzima hugawanyika kwa nadra mno, hivyo hunenepa badala ya kuongezeka idadi. Kwa mwanariadha kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu, nazo huongezeka, na akiacha mazoezi moyo hupungua.

Katika akromegali, uvimbe wa pituitari humwaga homoni usiku na mchana. Seli zinanenepa mfululizo, na katikati yake kolajeni, protini ya nyuzi ngumu, inajikusanya hadi ukuta unakakamaa. Hapo ndipo eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, huwadanganya wengi. Tuseme ukuta wa ventrikali ya kushoto, chumba kinachosukuma damu mwilini, umenenepa hadi milimita 14, na kila pigo linasukuma asilimia 65 ya damu iliyomo. Ukiishia kwenye hiyo 65 utaandika "moyo mzima". Tazama chumba kinavyojaa! Moyo unasukuma vizuri ila haulegei upesi kupokea damu. Shinikizo linarudi mapafuni, naye anahema. Udhaifu wa kusukuma huja baadaye, na ukishafika si rahisi kuurudisha nyuma. Shinikizo la damu, kisukari na valvu zinazovuja huuongezea moyo huo mzigo.

Kuhusu tiba, matumaini yalikuwa makubwa. Mwaka 1996 watafiti wa Italia waliwapa homoni hiyo wagonjwa 7 wenye moyo uliotanuka, na hali zao zikaboreka. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha. Mwaka 1998 jaribio la wagonjwa 50, lililofanyika Ujerumani, lilionyesha uzito wa msuli ukiongezeka bila wagonjwa kupata nafuu ya maana. Mwaka uliofuata, majaribio kwa wagonjwa mahututi yalionyesha waliopewa dozi kubwa wakifa zaidi. Kwangu mimi hilo linatosha: msichome homoni hii kwa ajili ya moyo peke yake. Mwenye upungufu halisi wa homoni ni jambo jingine. Moyo wake huwa mwembamba, na akirudishiwa kiasi kinachokosekana huimarika.

Mgonjwa wako atibiwe chanzo mapema: upasuaji wa uvimbe kupitia puani, na IGF-1 ikibaki juu, dawa ya oktreotaidi inayopunguza homoni itokayo kwenye uvimbe, au pegvisomanti inayoziba kipokezi cha homoni. Ukuta wa moyo unaweza kupungua, hasa kwa aliye kijana. Na muulize anayelala naye chumba kimoja kama anakoroma kisha ananyamaza ghafla, kana kwamba pumzi imekatika. Akisema ndiyo, apimwe usingizi kabla ya kupewa dawa ya usingizi kwa upasuaji huo.