Maswali ya Wasomaji: Rangi Inang'aa, Seli Haziitikii

SWALI: Nataka kuona kalsiamu ndani ya seli hai za HeLa (seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabara). Natumia Fluo-4 AM, rangi inayong'aa zaidi ikishika kalsiamu, mikromola 10, saa nzima kwa nyuzi 37. Naona madoa yanayong'aa, lakini nikitia histamini, inayopaswa kupandisha kalsiamu, mwanga hauongezeki. Rangi imeharibika?

JIBU: Rangi huenda ni nzima. Umezilisha seli kupita kiasi. Hizo herufi AM ni esta zinazofunika chaji za rangi ili ipenye utando. Ikishaingia, vimeng'enya vinazikata na rangi inanaswa humo. Kwenye joto na kwa muda mrefu, ile ambayo haijakatwa hupenya hadi kwenye mitokondria na vifuko vingine, ikakatiwa huko: hayo ndiyo madoa yako. Tena seli iliyotulia ina kalsiamu huru nanomola 100 hivi tu. Rangi ikijaa, inainywa yote kabla hujaona kitu.

Kichupa cha mikrogramu 50 kiyeyushe kwa mikrolita 46 za DMSO (kiyeyushi) kavu, upate milimola 1. DMSO iliyoachwa wazi hunyonya unyevu, na esta hukatika humo humo kwenye friza. Rangi ya namna hiyo haiingii tena kwenye seli. Changanya mikrolita 4 za rangi na mikrolita 2 za Pluronic F-127 ya asilimia 20 (kitu kama sabuni, husaidia rangi kutawanyika majini), kisha ndipo utie kwenye mililita 2 za bafa yenye kalsiamu, isiyo na seramu (seramu nayo ina vimeng'enya vya kukata esta) wala fenoli nyekundu (rangi ya kuonyesha pH). Hiyo ni mikromola 2, inatosha. Dakika 30 kwa joto la chumba, gizani. Osha mara mbili, halafu subiri dakika 30 nyingine esta zimalizike kukatwa. Wengi huiruka hatua hii ya mwisho.

Mwishoni mwa kila jaribio tia ionomaisini mikromola 5, inayofungulia kalsiamu kuingia kwenye seli. Mwanga ukiruka juu, rangi inafanya kazi; kachunguze histamini yako. Usiporuka, rangi haikuingia au haikukatwa.

SWALI: Baada ya dakika 20 mwanga unafifia wenyewe. Ni taa inaiunguza rangi?

JIBU: Weka sahani moja gizani, uimulike mwishoni tu. Ikiwa nayo imefifia, seli zinaitema rangi nje. Tia probenesidi, inayozuia utemaji huo, milimola 1 hadi 2.5, iyeyushe kwanza kwa sodiamu haidroksaidi, kisha rudisha pH kwenye 7.4, la sivyo utaua seli ukidhani umeziponya.

SWALI: Naweza kuripoti nanomola kwa Fluo-4?

JIBU: Ni vigumu kuiamini namba hiyo, maana seli nene au iliyopata rangi nyingi itang'aa zaidi hata kalsiamu ikiwa ile ile. Tumia Fura-2, rangi nyingine ya kalsiamu iliyotangazwa na kundi la Roger Tsien mwaka 1985: mulika kwa nanomita 340 na 380, soma kwa 510, chukua uwiano wa mwanga wa 340 kwa ule wa 380, maana hautegemei sana wingi wa rangi. Hakikisha lenzi inapitisha 340, kwani lenzi nyingi za kawaida huizuia. Ili kugeuza uwiano kuwa nanomola, pata uwiano wa juu kabisa kwa ionomaisini na kalsiamu, wa chini kabisa kwa EGTA (inayonyakua kalsiamu), kwenye seli zile zile. Na jihadhari na zinki: Fura-2 huishika kwa nguvu kuliko kalsiamu. Tia TPEN, inayonyakua zinki na kuiacha kalsiamu karibu yote. Uwiano ukishuka hapo, sehemu ya ulichokuwa unapima ilikuwa zinki.