Kwa mnaoanza kazi za lishe ya wachanga na metaboli ya watoto (jinsi mwili unavyotumia chakula), someni hapa kabla hamjagusa data

Wadogo zangu mnaoingia kwenye hii fani, karibu wote mnakuja na swali moja, kati ya maziwa ya mama na ya kopo yapi yanamkinga mtoto na unene na kisukari huko mbele. Swali halina ubaya ila likikaa peke yake litakupoteza, maana maziwa hayagawiwi kwa kura. Nyuma ya kila chupa kuna mama mwenye elimu yake, kazi yake, uzito wake kabla ya mimba, anavuta sigara au havuti, na hayo yote yanaamua mtoto atanyonya vipi na hayo hayo yanamfuata mtoto mpaka anafika miaka kumi. Kwahiyo ukiniletea proposo, kitu cha kwanza nitakuuliza ni kwenye watu wako nani ananyonyesha muda mrefu, na kwanini yeye.

Kuna ulinganisho mmoja napenda kuwapa wageni, wa watoto wa Uingereza kwenye ALSPAC, utafiti unaofuata watoto miaka na miaka, waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wenzao wa Pelotas kule Brazil waliozaliwa 1993. Uingereza wenye hali nzuri ndo walionyonyesha zaidi, Pelotas kunyonyesha hakukufuata kipato namna hiyo. Sasa angalia kilichotokea: Uingereza kunyonya kulienda na BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ndogo na presha ya chini, Pelotas uhusiano huo haukuonekana wazi. Ila alama za akili zilikuwa juu kwa walionyonya sehemu zote mbili. Yaani kama maziwa yenyewe ndo yangekuwa yanapunguza unene, tungetegemea kuuona huo unafuu kote kote, na haukuonekana.

Alafu kuna PROBIT, jaribio kubwa la unyonyeshaji la Belarus, hii lazima uijue kama jina lako. Kumpangia mama kwa kura asinyonyeshe haiwezekani, hakuna kamati ya maadili itakayokubali, kwahiyo walivigawa vituo vya uzazi kwa kura, vingine vikapewa programu ya kuhimiza unyonyeshaji, vingine vikaendelea na kawaida yao. Watoto zaidi ya 17,000, waliozaliwa 1996 na 1997. Kwenye miezi 3 walionyonya maziwa ya mama pekee walikuwa 43.3% upande wa programu na 6.4% upande wa pili, tofauti kubwa hiyo. Wakaja kupimwa wakiwa na miaka 11 na nusu, na programu haikuwa imepunguza unene. Ila usikimbilie kuandika kwamba kunyonyesha hakuna faida, maana hapo wote walianza kunyonya, kilicholinganishwa ni kunyonya zaidi na kunyonya kidogo, na faida ya kupunguza kuharisha ilionekana kwenye utafiti huo huo.

Kwenye maziwa ya kopo mambo yako wazi zaidi, sijui kwanini wageni hawapapendi. Maziwa ya mama yana protini kama gramu 1 hivi kwa mililita 100, ya ng'ombe yana zaidi ya gramu 3. Watafiti kwenye nchi tano za Ulaya wakawapangia wachanga kwa kura maziwa ya kopo yenye protini nyingi au kidogo. Walipofika miaka 2 urefu ulikuwa sawa ila wa protini nyingi walikuwa wazito zaidi, na kwenye miaka 6 uwezekano wao wa kuwa na unene uliopitiliza ulikuwa zaidi ya mara mbili ya wenzao. Maelezo yanayopewa uzito ni kwamba protini ikizidi inapandisha insulini na IGF-1 (homoni inayochochea ukuaji) mapema, mtoto anaongezeka haraka.

Na hapo ndo pa kukaa muda mrefu, kwenye mwendo wa ukuaji, maana kipimo kimoja cha uzito kinasema kidogo sana. Kawaida BMI inapanda mwaka wa kwanza, inashuka, inaanza kupanda tena karibu na miaka 5 hadi 7. Delhi waliwafuata watu toka utotoni, na waliokuja kupata shida ya sukari ukubwani walikuwa wembamba wakiwa na miaka 2 alafu BMI yao ikaanza kupanda tena mapema, na kwenye miaka 12 hakuna hata mmoja aliyekuwa na unene uliopitiliza! Ungewapima siku hiyo tu ungewaruhusu warudi nyumbani.

Sasa vitu vya kufanya kwa mikono. Chini ya miaka 2 mtoto anapimwa urefu amelala, juu ya hapo anasimama, na akisimama anasoma pungufu kama sm 0.7. Inaonekana ndogo, ila mtoto wa kilo 11 mwenye sm 80 ana BMI ya 17.2, msimamishe asome 79.3 inakuwa 17.5, hajala chochote. Kwenye dodoso pia usiulize "ulimnyonyesha maziwa pekee?" ukaandika ndiyo ukaendelea, uliza maji alianza lini, maana wengi hawayahesabu maji, na mtoto aliyepewa maji kwa tafsiri ya WHO ameshatoka kwenye kundi la maziwa pekee. Na ukiona aliongezewa kopo mapema uliza sababu, wakati mwingine mtoto alikuwa haongezeki au analia sana, hapo ukuaji ndo umeleta kopo na wewe unakaribia kuandika kinyume.

Mwisho damu. HOMA-IR, kipimo cha usugu wa insulini (mwili kutoiitikia vizuri), ni sukari kwa mmol/L mara insulini kwa µU/mL gawanya 22.5, vyote kabla ya kula. Watoto wawili wa miaka 11, wote sukari 5, mmoja insulini 9 anapata 2, mwingine 13.5 anapata 3, utasema huyu wa pili ana tatizo kumbe kaanza kubalehe tu, na kubalehe kwenyewe kunapandisha usugu wa insulini kwa muda alafu unashuka. Fomu ikija haina sehemu ya hatua ya kubalehe irudishe kabla sindano haijafunguliwa, umri peke yake hautakusaidia hapo.