Namba 951 kwenye chupa ya mtoto

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu kutoka Tororo. Mume wangu ana kisukari na kwa miaka mitatu amekuwa akitia vidonge vya sukari bandia katika chai yake. Mwezi uliopita jirani alituambia kwamba vidonge hivyo huleta saratani, naye mume wangu kwa hofu akarudia sukari ya kawaida. Kisha nikaigeuza chupa ya jusi anayopenda mwanangu wa miaka minne, nikakuta nyuma yake namba 951 na 950. Je, ni kitu kile kile? — Mama wa watatu

JIBU: Mama, tuanze na mume wako, kwa kuwa shauri lake haliwezi kungoja. Sukari ya kawaida itampandishia sukari ya damu leo hii, na madhara yake kwa mgonjwa wa kisukari hayana ubishi. Tafadhali aiache na amwone daktari wake wiki hii, apimwe. Mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitumie sukari bandia kwa lengo la kupunguza uzito, lakini likaeleza wazi kwamba ushauri huo hauwahusu wale ambao tayari wana kisukari.

Maneno ya jirani yana chanzo chake. Julai 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao Lyon, Ufaransa, liliiweka aspatamu, aina mojawapo ya sukari bandia, katika kundi 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani ingawa ushahidi wake ni mdogo. Kundi hilo hupima uzito wa ushahidi tu, halisemi ni kiasi gani kinachodhuru. Swali la kiasi lilijibiwa wakati huohuo na kamati ya wataalamu wa viongezo vya chakula, nayo ikabakiza kipimo cha zamani, yaani miligramu 40 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70, akinywa soda yenye miligramu 200 hadi 300 kwa kopo, angelazimika kumaliza makopo zaidi ya tisa kwa siku ndipo akivuke. Kidonge kimoja au viwili katika chai havikaribii hapo. Kama vidonge vyake ni vya aspatamu, avitie kikombeni baada ya chai kuiva, kwani vikichemshwa sufuriani utamu hupotea na mtu hushawishika kuongeza.

Hofu ya namna hii ilipata kuikumba sakarini, sukari bandia nyingine, pia katika miaka ya 1970, panya wa maabara walipopata uvimbe wa kibofu. Baadaye ilibainika kwamba njia iliyowadhuru panya hao haimhusu binadamu, na mwaka 2000 Marekani ikaondoa sharti la kuweka onyo kwenye bidhaa zenye sakarini.

Kuhusu mtoto, nina wasiwasi zaidi. Ndiyo, 951 ni aspatamu, na 950 ni asesulfemu, dada yake wa karibu katika vinywaji. Usidhani vimo katika chupa zilizoandikwa «haina sukari» peke yake, kwa maana baadhi ya watengenezaji huchanganya sukari halisi na ya bandia katika chupa moja. Sasa piga hesabu ile ile kwa mtoto wa kilo 15: mpaka wake ni miligramu 600, yaani makopo mawili au matatu tu ya soda niliyoitaja. Jusi yake huenda ina kiasi kidogo zaidi, na chupa moja ya sikukuu haitamdhuru. Lakini akiizoea kila siku, ulimi wake utakataa maji na maziwa. Na kama kuna mtoto katika ukoo wenu aliyezaliwa na fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hushindwa kuvunja sehemu moja ya protini iliyomo pia katika aspatamu, huyo asiguse aspatamu kabisa.

Mkamulie pasheni nyumbani, uichanganye na maji mengi, na kila wiki upunguze sukari kwa nusu kijiko mpaka asiidai tena. Dukani, pamoja na hizo mbili, zitazame pia namba 952, 954 na 955, ambazo nazo ni za sukari bandia.